Dakika Kumi na Mbili za Wali

Mtawa alisema dakika arobaini,
alfajiri, uso ukutani, mgongo wima.
Alisema kwa upole wa mtu
asiyengojwa na kapu la nguo chafu.
Nikaitikia kwa kichwa, nikarudi Morioka na basi la mwisho,
kwapani nimebana mto mpya wa kukalia.
Mama mkwe akauchukua, akaukumbatia,
akauita Yasuzo, jina la kaka yake aliyezikwa zamani.
Sikumnyang'anya.

Mimi ni mpishi wa shule.
Vinywa mia sita kumi na vinne,
masufuria matatu yenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza,
na theluji ya Januari imeshapanda hadi madirishani.
Saa nne na dakika ishirini moto unazimwa.
Wali umeiva, ila bado haujawa wali:
uachwe, ufunikwe, ujimalizie wenyewe kwa mvuke wake.
Ukichungulia, umeuharibu.
Dakika kumi na mbili. Hakuna anayezidai.

Nageuza kreti la maziwa nyuma ya jokofu,
nakaa, na aproni yangu, na buti zangu za mpira.
Moja.
Mbili.
Tatu, jokofu linakoroma kama aliyekula harusini.
Nne, viatu vya mazoezi vya Ibuki,
nilivianika, au viko bado ndani ya beseni?
Moja.
Mbili.
Bomba. Mama mkwe hufungua maji
akasahau kwamba maji hufungwa.
Moja.

Kumi siijui. Kumi ni mji ninaousikia kwa wasafiri.
Mwaka wa tatu huu, mbali nilikowahi kufika ni saba,
na siku hiyo nilikuwa na homa.

Fumie hupita na ndoo, akanikuta macho nusu.
"Umelala?"
"Ningekuwa na bahati hiyo."

Jana mashine ya kukatia kabichi iligoma.
Dakika zangu zikaliwa na kisu na ubao.
Nikakata nikilaani kiwanda, nikilaani fundi,
nikamlaani hata mtawa na mgongo wake.
Kisha ikafika zamu ya trei ya kijani.

Trei ya kijani ni ya mtoto mmoja wa darasa la pili.
Yai, hata ute uliosahauliwa kwenye mwiko,
laweza kumfunga koo.
Kwa hiyo tunanawa upya, tunavaa glavu mpya,
tunanyoosha kidole na kutamka kwa sauti,
mmoja akitaja, mwenzake akiitikia,
kana kwamba hakuna kingine duniani chenye jina:
Bakuli. Hakuna yai.
Supu. Hakuna yai.
Samaki, kakaangwa peke yake. Hakuna yai.
Mwenye trei: Kumagai Ritsu.
Ndiye.
Kifuniko.

Nilipokibana nilisikia mlio wake, tk.
Nikasikia theluji ikiporomoka kutoka paani.
Nikavihisi vidole vyangu ndani ya glavu, vyote kumi,
na nikagundua kwamba tangu niliponawa
sikuwa nimekwenda popote.

Zilikuwa pumzi ngapi? Sikuhesabu.
Fumie akapiga ukelele: Wali! Wali!
Tukafunua tumechelewa, mvuke ukatupofusha,
na kule chini, kwa fujo zote zile, ulikuwa umeshika ukoko,
wa kahawia, mtamu,
ule usiofika kamwe mezani pa watoto.
Tukaubandua kwa mwiko, tukaula wima,
midomo ikiungua, bila kusemezana,
na mimi nikiwaza, ndiyo, nikiwaza,
viatu vya Ibuki.